Meza ya Saba, Dirishani

Mimi ni fundi miwani, na watu wanadhani kwa sababu hiyo nina subira. Sina. Kupima macho ya watu hakumfundishi mtu subira, kunamfundisha kusema "soma mstari wa chini" kutwa nzima bila kutukana. Kidogo nilichojaliwa huishia dukani. Ikifika siku ya mashindano ya maneno, sina hata ya kuazima.

Mchezo wenyewe ni wa kete za herufi. Kila mtu ana kete saba mbele yake, anaunda neno ubaoni, anahesabu pointi, kisha anabonyeza saa ili muda wa mwenzake uanze kukatika. Kila mchezaji ana dakika zake ishirini na tano. Akizipitiliza, anakatwa pointi kumi kwa kila dakika, hata ikiwa dakika yenyewe haijatimia. Ndiyo sheria, na anayeisimamia katika klabu yetu ni mimi. Wachezaji wananiita Bi Kengele kwa ajili ya kengele ya mezani ninayoigonga kuanzisha raundi. Nikiwa sipo wananiita majina mengine, nayajua yote.

Kwa miaka mingi nilipanga mashindano kwa kadi na sanduku la viatu. Kila mchezaji alikuwa na kadi yake. Raundi ikiisha nazimwaga mezani, walioshinda huku, walioshindwa kule, halafu nawapanga wawili wawili: mwenye ushindi mwingi akutane na mwenye ushindi mwingi, na wawe hawajakutana bado. Ukielezwa hivi unaona ni kazi ya kitoto. Ijaribu ukiwa umezungukwa na watu zaidi ya ishirini, wote wanakuchungulia begani, na mmoja wao anakula biskuti sikioni kwako. Mwaka jana nilimkutanisha nesi na muuza vitabu raundi tatu mfululizo. Ya kwanza walicheka. Ya pili walinitazama. Ya tatu nesi akasema, "Bi Kengele, si utuozeshe tu yaishe?"

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu, nami nikavimba kama andazi.

Binti yangu alikuwepo siku hiyo. Yeye anatengeneza programu za kupanga foleni hospitalini: mgonjwa anaandikishwa mapokezi, anaketi, simu yake inalia, na ujumbe unamwelekeza dirisha la kwenda. Jioni ile tulipokuwa tunakunja meza aliniambia, "Mama, unafanya kazi ya kompyuta kwa sanduku la viatu."

"Sanduku langu halijawahi kuishiwa chaji."

"Na halijawahi kukumbuka nani kacheza na nani."

Nikamwambia haya, atengeneze la kwake. Basi akaanza. Kila mwisho wa wiki alikuja na kompyuta yake, akaketi kwenye meza yangu ya jikoni, na mimi nikamweleza sheria za mashindano huku namenya viazi. Alitaka kujua kila kitu. Idadi ya wachezaji ikiwa haigawanyiki kwa mbili, nani anapumzika? Mtu akichelewa inakuwaje? Wawili wakilingana ushindi, nani anatangulia? Niliona raha ambayo sikuitegemea. Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu alikuwa ananiuliza maswali na kuandika majibu yangu kama ya profesa.

Akataka orodha ya wachezaji ya kufanyia majaribio. "Yoyote, Mama, mradi imekamilika."

Nilikuwa na moja tu iliyokamilika, ya miaka mitatu nyuma, niliyoipiga chapa mwenyewe zamani zile nilipokuwa bado na ari. Ilikuwa na majina kamili, namba za simu na maelezo madogo pembeni. Nikampa. Sikuipitia upya, na ninajua kwa nini sikuipitia. Katika orodha ile alikuwemo kaka yangu.

Kaka yangu ni mchora mabango, na mji mzima unamwita Brashi. Kete za kwanza nilizozishika maishani alizitengeneza yeye tukiwa watoto: alikata vipande vya mbao vilivyobaki kwa seremala, akavipiga msasa, akachora herufi moja moja kwa rangi nyeusi. Alinifundisha mchezo kabla sijajua kuandika vizuri. Klabu ilianzia kwenye karakana yake, katikati ya makopo ya rangi, na sote tulikuwa tukirudi nyumbani tukinuka tapentaini. Tulipohamia kwenye ukumbi mdogo nyuma ya maktaba, yeye alichagua meza ya saba kwa sababu ipo dirishani. Macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Nilimwambia aje dukani nimpime, nikamwambia tena, nikamwambia mpaka mate yakanikauka.

"Mchora mabango mwenye miwani?" alikuwa akisema. "Wateja watadhani nachora kwa kukisia."

Basi akabaki kuinamia ubao kana kwamba anaunusa, na mtu anayeunusa ubao hachezi haraka. Katika fainali ya mwaka ule alipitiliza muda wake kwa dakika mbili. Nilimkata pointi ishirini. Kombe likampita kwa pointi kumi na mbili.

Nilikuwa sahihi. Naliandika hili mapema ili mtu asisubiri nibadilishe maneno mwishoni. Sheria ni sheria hata kwa aliyekubeba mgongoni. Lakini yeye alinitazama pale mbele ya watu, akakusanya vitu vyake kwenye mkoba, akasema, "Wewe si mdogo wangu. Wewe ni saa." Jioni hiyo hiyo akajitoa kwenye kundi letu la simu, na hakukanyaga tena klabuni.

Nimeitwa mengi ukubwani yakapita. Hilo halikupita. Tangu siku ile tulizungumza kupitia binti yangu, kama watu wa nchi mbili wasiojua lugha moja. "Mwambie mama yako shangazi anatoka hospitali Alhamisi." "Mwambie mjomba wako nimesikia." Bango la duka langu alilichora yeye. Rangi ilipauka, herufi zikaanza kubanduka, na wateja wakapata la kusema: duka la miwani, bango halisomeki hata ukivaa miwani. Walikuja wachora mabango wengine kuomba kazi, nikawafukuza wote. Nilimkosa kaka yangu. Nilimkosa kila siku, na kila siku nilikuwa sahihi.

Turudi kwenye programu. Jaribio la kwanza la kutuma ujumbe lilifanyika siku ya Jumanne. Binti yangu alibonyeza kitufe, na simu za klabu nzima zikalia, yangu ikiwemo, maana nami alinitia kwenye orodha kwa jaribio. Nilisoma: "Ndugu mchezaji, unaombwa kufika ukumbi wa maktaba leo saa kumi jioni. Raundi ya kwanza, meza ya 4. Tunakutakia nafuu ya haraka."

"Nafuu ya nini?" nikamwuliza.

Alishika kichwa. Maneno ya mwisho alikuwa ameyaandika kwa mazoea ya kazini. Kundi la simu liliwaka moto. Muuza vitabu aliuliza kama ni kuhusu mgongo wake. Nesi aliandika kwamba ujumbe huo anaujua, unatoka kazini kwao, na kwamba tukae kwa utulivu, daktari anakuja. Nikawaandikia wote: ni majaribio tu, msije. Wiki mbili baadaye likafanyika jaribio la pili, na binti yangu aliyeapa kwamba amefuta ile nafuu alikuta haijafutika. Nikaandika tena kwenye kundi: majaribio, msije. Baada ya hapo aliifuta kweli, nami nikampa orodha mpya ya waliojiandikisha mwaka huu.

Siku chache kabla ya mashindano nilikwenda ukumbini kuhesabu viti. Mlinzi wa maktaba, mtu mpole anayependa kusimulia, alinisaidia kubeba meza.

"Kuna mzee mmoja alikuja hapa Jumanne fulani," akaniambia. "Kavaa vizuri, ana mkoba. Akakuta kufuli, akakaa pale kwenye ngazi mpaka giza likaanza kuingia. Nikamwuliza unamsubiri nani, akasema ameitwa."

"Labda ni mtu wa kwaya," nikasema. "Shika upande huo, meza inainama."

Siku ya mashindano binti yangu alituma ujumbe wa raundi ya kwanza asubuhi na mapema, watu wakiwa bado majumbani. Sijawahi kuona kitu kama kile. Wachezaji waliingia mmoja mmoja, wakanisalimu, wakaenda moja kwa moja kwenye meza zao. Hakuna aliyenichungulia begani. Hakuna aliyekula biskuti sikioni kwangu. Nilisimama na kengele mkononi nikajiona kama mama wa arusi, sina kazi ila kupendeza.

"Umeona?" binti yangu akasema.

"Nimeona. Usivimbe kichwa."

Nikagonga kengele. Saa zikaanza, kete zikaanza kugongana. Nikapita katikati ya meza kama kawaida yangu, na nilipofika ya saba nikamkuta nesi yuko peke yake, mikono mapajani, kiti cha mbele yake kitupu. Mpinzani akichelewa, saa yake inawashwa. Niliibonyeza bila kufikiri, kisha nikarudi kwa binti yangu.

"Nani anacheza meza ya saba?"

Aligusa skrini. Likatokea jina kamili la kaka yangu, lile linalotumiwa na madaktari na serikali tu. Chini yake kulikuwa na maelezo yangu mwenyewe, neno kwa neno kama nilivyoyapiga chapa miaka ile: "Meza ya 7, dirishani. Macho. Asihamishwe."

Waliojiandikisha walikuwa ishirini na watatu, mmoja alipaswa kupumzika, na mimi Bi Kengele sikuwa nimejiuliza kwa nini hakuna anayepumzika.

"Mungu wangu," binti yangu alinong'ona. "Mama, sikukusudia, nakuapia. Wenye meza maalumu programu inawaweka kando, ili isiwahamishe. Nilifuta orodha kuu ya zamani. Ile ya kando nikaisahau. Na humo kando alikuwemo yeye peke yake."

"Mfute. Nesi apumzike raundi hii."

"Sawa." Akagusa hapa, akagusa pale, skrini ikauliza: Unataka kumwondoa mchezaji huyu? Una uhakika? Chini yake vitufe viwili. Binti yangu akanisogezea kompyuta. "Bonyeza wewe. Mimi siwezi."

"Kitu kidogo hivi?"

"Basi bonyeza, Mama, kama ni kidogo."

Nilinyoosha kidole. Nilijua wajibu wangu. Hakujiandikisha, hakualikwa, hayupo, na kuna mchezaji anasubiri. Kwa miaka mitatu hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo, kama nina uhakika, wote waliniogopa. Kidole kilifika juu ya kitufe kikagoma. Nilikikasirikia kabisa, kidole changu mwenyewe.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia kaka yangu.

Alikuwa amepiga pasi shati. Kucha zake zilikuwa na rangi ya bluu kama siku zote, na mkoba wa kete ulikuwa begani. Amezeeka, nikawaza, kisha nikawaza kwamba naye anawaza hivyo hivyo. Michezo ilisimama meza moja baada ya nyingine. Muuza vitabu alianza kugonga meza kwa kiganja, taratibu, wengine wakafuata, na Brashi akawapungia mkono huku anatembea. Hakuuliza meza yake iko wapi. Alikwenda dirishani, akamsalimu nesi, akaitazama saa. Dakika karibu nane zake zilikuwa zimeshakatika.

Nilikuwa nimefika nyuma yake sijui hata kwa miguu gani.

"Umeniwashia saa," akasema bila kugeuka.

"Umechelewa."

Nikajiambia sasa atachukua mkoba, ataondoka, na safari hii hatarudi hata nikizikwa. Yeye akavuta kiti.

"Haya," akamwambia nesi. "Tuanze, mwanangu. Huyu hana utani."

Wenzangu, sikuona kitu kingine asubuhi ile. Kama kuna mtu alidanganya pointi kwenye meza nyingine, Mungu anamjua, mimi simjui. Nilimtazama kaka yangu akicheza. Aliinamia ubao vile vile, pua karibu iguse kete, halafu anainuka, anaangalia nje, anarudi. Bado alikuwa na tabia ya kuisugua kete kwa dole gumba kabla ya kuiweka. Aliweka neno moja refu lililomaliza kete zake zote saba, na nesi akasema "Yesu!" kwa sauti. Lakini muda ulikuwa umeliwa, na mwenyewe ni wa polepole. Alipoweka kete ya mwisho, saa yake ilikuwa imepita sifuri. Imepita kidogo tu, sekunde za kufunga kifungo.

Wakajumlisha. Kaka yangu alikuwa mbele kwa pointi tatu.

Nesi aliigeuza saa upande wake, akashusha sauti. "Mzee wangu, hata dakika yenyewe haijatimia. Mimi sijaona kitu."

Kaka yangu akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Nisidanganye: ningemkata. Ningemkata huku nalia, ila ningemkata.

Yeye akachukua kalamu. Kwenye karatasi ya matokeo, chini ya jumla yake, akaandika kwa mwandiko wake ule mzuri wa mabango: kutoa kumi. Akajumlisha upya, akatia sahihi, akanikabidhi.

"Bi Kengele," akasema. Hajawahi kuniita hivyo maishani. "Hesabu hii hapa. Hongera, nesi."

Nilipeleka karatasi kwa binti yangu, akaingiza matokeo. Nesi kashinda kwa pointi saba. Binti yangu alikuwa anafuta macho kwa mkono wa blauzi, akasingizia vumbi. Kisha akatoka mbio kwenda kumwamkia mjomba wake, na aliitikiwa kwa kubanwa shingo kama alivyokuwa akibanwa utotoni.

Wakati wa chai nilimpelekea kikombe pale dirishani. Nilikuwa nimepiga moyo konde. Kama kweli haiwezi kusemwa kati yetu sisi wawili, basi haifai kusemwa popote.

"Kaka, kuna jambo lazima ulijue. Ule ujumbe wa leo—"

"Leo mlango ulikuwa wazi," akasema.

"Mlango gani?"

Akatoa simu, akaishika mbali kwa urefu wa mkono, akatafuta, akanipa. Zilikuwepo jumbe tatu, zimefuatana. Ule wa Jumanne ya kwanza. Ule wa wiki mbili baadaye. Na wa leo. Zote zinamwambia meza ya 7, dirishani. Mbili za kwanza zinamtakia nafuu ya haraka.

Ndipo nikakumbuka maneno ya mlinzi. Mzee kavaa vizuri. Mkoba. Ngazi. Kwenye kundi nilikuwa nimewaandikia watu wote wasije, mara mbili, na yeye hakuwemo kwenye kundi.

"Ulikuja," nikasema.

"Nilikuja. Nikapiga pasi shati, nikaja, nikakuta kufuli. Nikasema labda nimekosea siku."

"Na ule wa pili?"

"Nikaja tena. Kufuli." Alikunywa chai. "Hapo nikajua ni mashine. Mtu mwenye akili zake hawezi kunitakia nafuu mara mbili bila hata kuniuliza naumwa nini."

"Sasa leo kwa nini umekuja, kama ulijua ni mashine?"

Alikizungusha kikombe polepole mkononi. Ni mtu wa muda. "Leo nilisimama ng'ambo ya barabara kwanza. Nikasema nikiona watu wanaingia, naingia. Ndiyo maana nikachelewa." Akanyoosha kidole kwenye simu. "Mashine haijui habari ya macho yangu, mdogo wangu. Haijui dirisha. Kuna mtu aliiandikia."

Nililia. Sikulia kistaarabu kwa kitambaa, nililia kwa sauti, pale pale, mbele ya klabu nzima yenye vikombe mkononi. Nililia kwa ajili ya yule mzee aliyekaa kwenye ngazi mpaka giza likaanza kuingia, wakati mimi nilikuwa nyumbani namenya viazi. Kaka yangu alihangaika, akanipa kitambaa chenye madoa ya rangi, akasogeza ubao pembeni.

"Utaniloweshea kete," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Lile neno nililokuambia siku ile. La saa. Lifute."

Nikapenga kamasi. "Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Binti yangu alitokea nyuma yetu akikohoa. Raundi ya pili ilikuwa tayari muda mrefu, wachezaji wote walikuwa wananitazama, na muuza vitabu alikuwa anaigonga saa yake ya mkononi kwa kidole, kwa furaha ambayo sitamsamehe. Bi Kengele kachelewa. Nikafuta uso, nikamwambia binti yangu atume. Simu zililia ukumbi mzima kwa mpigo mmoja, na ya kaka yangu ilikuwemo.

Aliisoma kwa urefu wa mkono. "Meza ya saba," akatangaza, kana kwamba ni habari mpya.

"Kwa macho hayo umejuaje? Njoo dukani nikupime. Na usinieleze habari ya wateja watakaokimbia."

"Bango lako linasomeka?"

"Halisomeki. Fundi wake alisusa."

"Basi nitakuja na rangi," akasema akiinuka na mkoba wake. "Nitapita kesho."

Kesho ilikuwa Jumapili, na Jumapili duka langu halifunguliwi. Nilifika mapema, nikafungua mlango mpaka mwisho, kisha nikauwekea tofali ili upepo usije ukaufunga.